Bahasha ya Vibandiko Kumi na Vinne

Jina lake halisi lilikuwa kwenye karatasi za ajira tu. Kazini tulimwita Saini, maana neno hilo alilitamka mara nyingi kuliko salamu. Anaingia ofisini kwako, anakuamkia, anaweka bahasha mezani, anafungua daftari lake la kukabidhi pale alipotia ugwe mwekundu, anaweka kidole kwenye mstari, anasema, "Saini hapa." Uwe karani, uwe mkurugenzi, usipotia saini bahasha inarudi kwapani. Mkurugenzi mmoja mgeni aliwahi kumwambia, "Iache tu hapo, nitasaini kesho." Saini akaichukua bahasha yake taratibu akasema, "Basi na mimi nitaileta kesho, mzee." Mkurugenzi akatafuta kalamu.

Alikuwa tarishi wa wizara yetu ya maji kwa miaka thelathini na mmoja, na kwa miaka yote hiyo kazi yake ilikuwa kutembea katika Barabara moja. Ilikuwa na jina lake kwenye kibao, jina la mtu mkubwa, lakini sisi tuliofanya kazi pale tulisema Barabara tu, na kila mtu alijua ni ipi. Kutoka jengo letu, la mwisho upande wa chini, hadi lango la ikulu kule juu, ilikuwa dakika ishirini na mbili kwa hatua za Saini. Wizara saba zilipangana pande mbili, kila moja na ngazi zake za mawe na mlinzi anayejua habari za nyumbani kwako. Chini ya miti kulikuwa na njia ya waenda kwa miguu, pana, ya vigae vya saruji, na ikifika saa nne asubuhi njia hiyo ilikuwa kama sebule ya ukoo mkubwa: makarani wamekumbatia majalada, makatibu muhtasi wamejitanda sweta mabegani, matarishi wanataniana kwa sauti kutoka upande mmoja hadi wa pili. Madirisha yote yalikuwa wazi. Mashine za chapa zilisikika kila ghorofa kama mvua juu ya bati. Mtu aliyepita pale alijua serikali iko kazini kwa sababu aliisikia kwa masikio yake. Siku hizi serikali haisikiki. Imefunga vioo, imewasha viyoyozi, na ukiuliza swali unaambiwa uingie kwenye mtandao.

Mimi nilikuwa karani wa masijala, yaani mahali ambapo barua zote za wizara zinaingilia na kutokea. Shule niliiacha darasa la nne. Kilichobaki nilijifunza kwa kusoma barua za wakubwa na kamusi moja isiyo na mwanzo wala mwisho niliyoikuta chini ya kabati. Nasema hivi ili msomaji asije akadhani haya yameandikwa na msomi. Yameandikwa na mtu aliyekuwepo.

Ili mambo yaeleweke, lazima nieleze habari ya vibandiko. Wakati ule kitu cha serikali kilikuwa kitu cha serikali. Bahasha kubwa ya kaki haikutumika mara moja ikatupwa, kama wafanyavyo hawa wa leo wanaochapa karatasi kumi ili wapate moja. Bahasha ikiingia masijala tuliitoa barua, tukakata kipande cha karatasi nyeupe, tukakipaka gundi, tukakibandika juu ya anwani ya zamani, tukaandika anwani mpya na tarehe pembeni. Ikaenda wizara nyingine. Nao wakafanya vivyo hivyo. Bahasha moja iliweza kupanda na kushuka Barabara mwaka mzima, ikinenepa kwa vibandiko, mpaka inakuwa ngumu kama kifuniko cha kitabu. Mimi nilijulikana kwa kazi hiyo. Kibandiko changu hakikukunjika wala kuinuka pembe. Nilikuwa na brashi yangu mwenyewe ya gundi na sikumruhusu mtu aishike.

Uchumi huo ulifika hadi kwenye barua. Barua fupi hazikupewa karatasi nzima. Zilichapwa kwenye nusu karatasi, ile nyepesi ya nakala, ukiinyanyua kwenye mwanga unaona vidole vyako.

Sasa nirudi kwa Saini. Mkewe alikuwa nesi katika hospitali ya wilaya, mwendo wa siku nzima kwa basi, na siku na nusu ukikuta mto umejaa. Walioana Saini akiwa na miaka minne kazini. Baada ya hapo ndoa yao ikawa ya likizo: siku ishirini na nane za mume, siku ishirini na nane za mke, na sikukuu mbili tatu za kuungaunga. Binti yao mdogo alipoulizwa na wageni baba yake yuko wapi, alijibu, "Baba wa likizo bado hajafika." Watu walicheka. Saini aliponisimulia hakucheka.

Mke alipokuja mara ya kwanza kumtembelea, Saini alimleta Barabarani mchana ili amwonyeshe kazi yake. Nilifuatana nao. Mwanamke mrefu, mwenye maneno machache, lakini kila neno lake lilifika mahali pake. Tulipofika katikati ya Barabara akasimama mbele ya zahanati ya watumishi. Ilikuwa nyumba ndogo nyeupe kati ya hazina na wizara ya afya, yenye dirisha moja la kijani lililotazama njia ya miguu. Dirishani walikaa manesi wakigawa dawa.

"Kumbe kazi yangu iko hapa," alisema.

"Ipo, ila ina wenyewe," Saini akamjibu.

"Wenyewe watastaafu. Nikikaa pale, nitakuona ukipita?"

"Mara kumi kwa siku. Hakuna wizara nitakayokwenda bila kupita hapa."

"Basi nitakuita."

"Usiniite. Mtu mwenye barua za serikali haitwi njiani. Mimi nitainua daftari juu, hivi, nawe utajua ni salamu."

"Na mimi nikiinua sindano?"

"Hapo nitakimbia, mama."

Akacheka mpaka akashika mti. Nadhani siku ile ndiyo dirisha lile lilipoingia mioyoni mwao. Saini alikuja masijala jioni akaniomba nimwandikie ombi la uhamisho wa mke, na mimi nikaliandika kwa kamusi yangu, maneno mazuri, yenye heshima. Mkurugenzi wetu akalipitisha, likaenda wizara ya afya. Saini mwenyewe ndiye aliyelipeleka, akatiliwa saini.

Ikapita miaka. Ombi likajibiwa kuwa nafasi hakuna. Tukaandika tena. Nafasi hakuna. Tukaandika mara ya tatu, akiwa na mwaka wa tisa kazini, tukangoja. Kila asubuhi alipokuja kuchukua bahasha aliniuliza, "Bwana Masijala, hakuna kitu?" Nami nilimjibu, "Hakuna kitu, kaka." Hakuuliza zaidi. Alikuwa akileta bahasha kutoka wizara ya afya karibu kila siku, na hata moja hakuwahi kuipapasa wala kuinyanyua kwenye jua. Tarishi hakuuliza kilicho ndani. Hiyo ndiyo ilikuwa heshima ya kazi yake, na aliilinda kama wengine wanavyolinda macho yao.

Mwezi wa nane wa kungoja, mkewe akatokea mlangoni pa masijala. Hakuwa ametoa taarifa. Alikuwa na mkoba mmoja, na sare yake nyeupe ikichungulia juu ya zipu. Saini alikuwa amesimama kwenye kaunta yangu akipanga safari ya mchana.

"Shemeji," aliniambia mimi, si mumewe, "nimekuja kutafuta barua."

Akaeleza. Matroni wake amepata barua kutoka wizara ya afya. Uhamisho ulikubaliwa zamani. Mume alitakiwa athibitishe kupitia wizara yake ndani ya siku sitini. Hakuthibitisha. Kwa hiyo mwombaji amehesabiwa kuwa amekataa, nafasi amepewa mwingine, na ombi hilo halitafunguliwa tena.

"Mimi sijaona barua yoyote," Saini alisema.

"Nimetoka wizara ya afya sasa hivi, baba watoto. Wamenionyesha daftari lao. Bahasha moja kubwa, imechukuliwa kwa mkono na tarishi wa wizara ya maji. Nikaiangalia saini. Saini yako naijua, ndiyo iliyo kwenye cheti changu cha ndoa."

"Nilichukua bahasha. Nachukua bahasha kila siku. Ndani sijui."

"Barua zote za Barabara hii zinapita kwapani mwako. Za mawaziri zinafika, za majirani zinafika. Hii ya kwangu tu ndiyo iliyoota mabawa?"

"Mke wangu, nakuapia."

"Usiniapie. Niambie tu, pale dirishani kuna nani sasa hivi unayempitia mara kumi kwa siku?"

Makarani wote wakainama kwenye meza zao kama watu wanaotafuta sindano. Saini alinigeukia mimi. Siwezi kuusahau uso ule. "Bwana Masijala," alisema, "tafuta."

Nilitafuta siku mbili. Nilifungua rejesta, nikaikuta bahasha hiyo kwa tarehe yake: ndani yake zilikuwemo barua tatu nene kuhusu mabomba ya hospitali, zote zimeandikishwa, zote ziko kwenye majalada yake. Barua ya nne haikuwepo. Niliangalia kabati kwa kabati, nikapekua mpaka pipa la takataka, ingawa taka za miezi hiyo zilikwisha kuchomwa. Siku ya tatu nilifanya kitu ambacho nilikiona cha haki. Nilichukua kalamu nyekundu nikaandika kwenye rejesta, na kumsomea shemeji kwa sauti: "Barua hiyo haikupokelewa masijala." Nikatia saini yangu.

Nilikuwa najisifu kwamba masijala yangu haijapoteza hata kipande cha karatasi. Sikujua kwamba mstari ule mwekundu ulikuwa umemfunga rafiki yangu kamba. Kama wizara ya afya waliiweka, na masijala haikuipokea, basi katikati alibaki mtu mmoja tu.

Mkewe alisema, "Sawa." Akapanda basi la siku hiyo hiyo.

Hakudai talaka. Wanawake wa namna yake hawapigi kelele. Aliendelea kumpokea wakati wa likizo, kumpikia, kumfulia, na kila alichoambiwa akajibu, "Sawa." Saini aliniambia mara moja tu, tukiwa tumekaa kwenye benchi la mapumziko, "Bwana, kuna 'sawa' ambayo ni afadhali mtu akupige ufagio."

Tangu hapo alibadilisha njia. Kila alipokaribia zahanati alivuka Barabara akapita upande wa pili, upande usio na kivuli, jua limkaange, kisha akavuka tena mbele. Matarishi wenzake walimtania: "Saini, unamkwepa nani, au una deni la sindano?" Aliwapungia daftari, akapita. Alipita hivyo miaka ishirini na mbili. Mimi nilikuwa namwona kutoka mlangoni, kofia yake ndogo ikivuka, ikivuka tena, na nilijua lile dirisha linamwita zaidi kuliko ilivyokuwa zamani.

Barabara nayo ikaanza kufa, kwa mafungu. Kwanza walikata miti ya upande mmoja ili magari ya wakubwa yapate pa kugeukia. Kisha mashine za chapa zikatolewa, zikarundikwa uani zikanyeshewa. Benchi letu likang'olewa, eti watu wanakaa. Wizara mbili zikahamia majengo marefu ya vioo nje ya mji. Walinzi tuliowajua wakaondolewa, wakaletwa vijana wenye nyaya masikioni wanaokuuliza, "Mzee, una miadi?" mahali ulipoingia na kutoka maisha yako yote. Mwishowe zahanati ikabomolewa ikawa maegesho. Saini alistaafu mwaka huo huo. Siku ya mwisho alikabidhi daftari, na karani kijana aliyelipokea akalitupia kwenye boksi bila kutia saini popote. Saini alisimama pale kaunta kwa muda mrefu. Nilimshika mkono nikamtoa nje.

Akaenda kuishi kwa mkewe, ambaye naye alikuwa amestaafu na kujenga nyumba ndogo jirani na hospitali yake. Nilimpigia simu baada ya wiki kadhaa.

"Umepokelewaje?"

"Vizuri sana," alisema. "Kama anavyopokelewa mkaguzi. Nina kiti changu, nina kikombe changu, na mlango wa chumba cha wageni unafunga vizuri."

"Mzungumzie."

"Nimzungumzie nini? Anataka barua, Bwana Masijala. Mimi nina maneno tu."

Miaka miwili baadaye wizara yetu nayo ikahama. Waliniita mimi, mzee wa zamani, nije nikae na vijana siku tatu niwaonyeshe majalada gani yaende na yapi yasagwe. Walikuwa wapole, siwasingizii. Walinipa kiti na maji ya chupa. Lakini walikuwa wakishika majalada kwa ncha za vidole kama watu wanaoondoa panya. Mmoja akafungua kabati la nyuma, akaita, "Babu, njoo uone vituko!"

Yalikuwa magunia manne ya bahasha zangu. Bahasha ikishachoka kabisa hatukuitupa, maana kuharibu mali ya serikali kulihitaji kibali. Niliomba kibali miaka thelathini iliyopita. Hakijafika bado.

Kijana aliinua moja akaipiga mezani ikalia kama ubao. "Hii ina karatasi juu ya karatasi! Nani alikuwa na muda huu?"

"Mimi," nilisema. "Lete hapa."

Nilitaka kumwonyesha kazi nzuri inavyokuwa. Ilikuwa na vibandiko kumi na vinne. Nilihesabu kingo zake pale pembeni, ambapo hazikulingana sawasawa, na tarehe zilionekana moja moja kama mistari ya mti uliokatwa. Nikaingiza mkono ndani ili kuitunisha, nimwonyeshe kwamba hata sasa inaweza kubeba barua. Vidole vyangu vikagusa ukingo. Chini kabisa, upande wa mbele, palikuwa na karatasi nyembamba iliyolala imeganda ukutani mwa bahasha, pale gundi ilipopenya kupitia mshono uliochanika.

Nusu karatasi. Niliinua bahasha kwenye taa nikasoma mstari wa juu kwa ndani, jina la nesi na neno "uhamisho." Nikakaa chini. Kijana akaniuliza kama naumwa.

Niliiandikia wizara hati ya kuichukua bahasha moja kuukuu, nikaitia saini, ingawa hakuna aliyeitaka. Kesho yake nilipanda basi. Nilisafiri nayo kwapani siku nzima. Sikuiweka juu kwenye mizigo wala chini ya kiti, na abiria mwenzangu alinitazama kama mtu aliyebeba bomu.

Niliwakuta barazani. Shemeji alikuwa akichambua mboga, Saini akirekebisha mguu wa kigoda ambao haukuwa na tatizo. Walishangaa, wakanikaribisha, wakaniletea maji. Sikunywa. Nilisimama mbele ya Saini, nikatoa daftari la shule nililolinunua stendi, nikalifungua mahali nilipopiga mstari, nikaweka kidole.

"Saini hapa," nikamwambia.

Alinitazama akidhani ni utani wa uzee. Kisha akaona bahasha. Aliandika jina lake lote, kama zamani, na tarehe. Ndipo nikamkabidhi. Naye, bila hata kuifungua, akamgeukia mkewe akamkabidhi yeye.

"Ndani sijui," alisema.

Shemeji alikwenda ndani akarudi na mkasi wake wa kazi. Alipasua bahasha ubavuni polepole, kama anayefungua bandeji ya kidonda cha mtu mwingine, akaikunjua. Barua ilikuwa imelala pale, ya kahawia, herufi zote zinasomeka. Akaisoma. Akairudia. Akahamia upande wa nje akaanza kufuata tarehe za vibandiko kwa ukucha.

"Hiki cha tatu ndicho kilichoileta kwenu," alisema.

"Ndicho."

"Na hiki cha nne?"

"Nilikibandika kesho yake. Nilitoa zile barua tatu nene, nikakung'uta bahasha, nikaona ni tupu, nikapaka gundi juu ya mshono. Ikaenda hazina."

"Cha tano kurudi kwenu. Cha sita..." Alihesabu kimoyomoyo. "Mpaka cha tisa. Safari sita ndani ya zile siku sitini. Nani alibeba?"

"Mimi," Saini alisema. Sauti yake ilitoka mbali.

"Ukapita nayo mbele ya dirisha."

"Wakati ule nilikuwa bado napita upande ule. Ndiyo. Nilikuwa nikifika pale nainua daftari kidogo, kujizoeza. Bahasha ikiwa hapa." Akagusa kwapa.

Shemeji aliweka mkasi chini. Kisha akaanza kucheka, kicheko kile kile cha kushika mti, ila safari hii alishika nguzo ya baraza, na machozi yakimtoka humo humo. "Kumbe nilikuja," alisema. "Kumbe mlikuwa mnanitembeza Barabarani mwaka mzima. Hazina nimefika, ikulu nimefika, na mimi nimekaa huku nalalamika sijahamishwa."

Halafu akanitazama mimi. "Shemeji, kile cha nne ulikibandika wewe kwa mkono wako?"

"Kwa mkono wangu."

"Ulikibandika vizuri," alisema.

Nimetukanwa na mawaziri wawili katika maisha yangu na hakuna aliyeniumiza kiasi kile. Na nilistahili. Watu wanajua kwamba mimi ninaililia njia ya zamani, nimeililia hata katika maandishi haya, na sitaacha, kwa sababu ilikuwa njia ya watu walioonana uso kwa uso. Lakini gundi iliyowakosesha wale wawili maisha yao ilikuwa gundi ya njia ile ile, na brashi ilikuwa yangu. Siwezi kukitenganisha kimoja na kingine.

Usiku ule kiti cha Saini kilihamishwa karibu na cha mkewe. Hilo ndilo nililoliona, na mengine si ya kuandika. Asubuhi shemeji alikuwa amekwisha funga mkoba.

"Tunaenda wapi?" Saini aliuliza.

"Kuripoti kazini. Barua inasema niripoti."

Tulifika mjini usiku, na kesho yake saa tatu asubuhi tulikuwa Barabarani. Barabara ilikuwa na uzio wa chuma pande zote mbili, na magari meusi yakipita bila sauti. Njia ya miguu imebaki vipande. Pale palipokuwa na zahanati kulikuwa na magari yamepangwa kwa mistari ya rangi nyeupe. Shemeji alipima kwa macho kutoka ukuta wa hazina, akaingia katikati ya magari mawili, akasogea hatua moja kushoto.

"Dirisha lilikuwa hapa?"

"Sogea kidogo," nilimwambia. "Hapo."

Akasimama, akaweka mikono yote miwili mbele yake kana kwamba ameiegemeza kwenye kizingiti. "Nenda mwanzo wa Barabara," alimwambia mumewe. "Upite."

Saini akaondoka na bahasha. Tulingoja. Mlinzi kijana mwenye waya sikioni akatukaribia, kwa adabu ninakiri, akasema, "Mama, Mzee, hapa haparuhusiwi kusimama. Mnamsubiri nani?"

"Mume wangu," shemeji alijibu. "Anapita saa nne."

"Siku hizi hakuna anayepita hapa kwa miguu, mama."

"Huyu anapita."

Kijana akatazama saa yake, akatazama kamera juu ya nguzo, akatutazama sisi. Akarudi nyuma hatua mbili akasimama.

Na kweli akatokea, kule chini, kofia yake ndogo, hatua zake zile zile ingawa fupi zaidi, akikanyaga vipande vya vigae vilivyobaki na kuruka palipong'olewa. Nilimwona akikaribia mahali pa kuvukia. Mguu wake ulielekea upande wa pili, upande wa jua, kwa mazoea ya miaka ishirini na mbili. Akasita. Kisha akaurudisha, akaja moja kwa moja upande wetu.

Alipofika mkabala na magari hakugeuza uso. Mtu mwenye barua za serikali haitwi njiani, na mkewe hakumwita. Aliinua tu ile bahasha juu, hivi, akapita.